Mtambo wa pamoja wa majitaka: kazi inaanzia kiwandani

Mtambo wa pamoja wa majitaka ni mtambo mmoja unaohudumia viwanda vidogo vingi vilivyo jirani, ambavyo kimoja kimoja haviwezi kumudu gharama wala eneo la kujenga wa kwake. Maji hukusanywa kwa mabomba au magari, husafishwa, na kila mwenye kiwanda huchangia kadiri ya maji anayoleta. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni hii kauli inayorudiwa kila mradi wa aina hii unapozungumzwa: kwamba mtambo ukishajengwa, mwenye kiwanda hana tena habari na majitaka yake. Sivyo kabisa. Kinachogawanwa ni gharama na usimamizi. Usafishaji wa awali unabaki kwake, na kinachomlazimisha si sheria peke yake, ni kemia.

Chukua viwanda vya ngozi. Manyoya hutolewa kwa chokaa na salfaidi, dawa yenye salfa. Baadaye ngozi huingizwa kwenye kromi, dawa ya metali inayoifanya isioze, na maji yanayotoka hapo yana asidi. Maji ya hatua hizi mbili yakikutana kwenye mfereji mmoja hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo inaua. Anayeipata kwanza ni kibarua aliyeshushwa shimoni kuzibua bomba. Kwa hiyo mifereji hutenganishwa tangu ndani ya kiwanda, kabla hata ya kufikiria mtambo.

Halafu kuna kromi yenyewe. Bakteria wa mtambo hula damu, mafuta na mabaki ya nyama, lakini kromi ni metali, haiozi. Inachofanya ni kuhama kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope, na tope hilo halifai tena kuwa mbolea. Kiwandani ingenaswa mapema: maji yake yanatengwa, yanatiwa magnesiamu oksaidi, kromi inatuama, inayeyushwa kwa asidi ya salfuriki na kurudishwa kwenye pipa la ngozi. Mwenye kiwanda anaokoa hata fedha ya dawa. Ikishachanganyika na maji ya mtaa mzima, kuitoa ni kazi nyingine kabisa.

India, nchi yenye mitambo hii mingi, imelipia somo hilo. Jajmau, mjini Kanpur kando ya Mto Ganges, mtambo ulioanza kazi mwaka 1994 ulipangiwa lita milioni 36 kwa siku: milioni 9 za viwanda vya ngozi, milioni 27 za majumbani. Kromi iliyoachwa kuingia humo haikupotea kwa kuzimuliwa. Ilifika kwenye tope, na kwenye maji waliyopewa wakulima kumwagilia mashamba.

Huko Tiruppur, kusini mwa India, kwenye viwanda vya kutia rangi nguo, kikwazo kilikuwa chumvi inayotumika katika kutia rangi. Mitambo ya pamoja ilikuwepo, lakini chumvi iliyoyeyuka hupita kwa bakteria vilevile ilivyoingia. Mto Noyyal ukaharibika, na Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda hivyo vifungwe. Ili kurudi kazini ilibidi kuchuja na kuchemsha maji mpaka chumvi itoke, kazi inayokula umeme na kuni kwa wingi.

Nayasema haya kwa kuwa mtambo wa namna hii umo pia kwenye mpango wa eneo la viwanda vya ngozi la Kenanie, Machakos, na tayari nasikia ikisemwa kwamba viwanda "vitapeleka majitaka yakasafishwe huko". Iliyo sahihi ni hii: vitapeleka maji yaliyokwisha kutolewa kromi, yaliyotenganishwa na salfaidi na kuchujwa mabaki makubwa, na mtambo utamalizia.