Asilimia ya nani? Dhana potofu kuhusu dashibodi za matokeo ya utafiti

Wadadisi wamerudi, vishikwambi viko stoo, majibu yote yameingia KoboToolbox, mfumo wa kukusanyia data za utafiti, na mkubwa anataka dashibodi, ule ukurasa wa chati na takwimu za matokeo, Ijumaa. Kati ya hapo na Ijumaa utasikia mengi. Haya ndiyo yanayonifikia kila mara.

"Shiti yenye majina nimeshaifuta, zimebaki pivoti tu. Tuma."

Usitume. Pivoti ya Excel, lile jedwali linalojumlisha data, hubeba nakala ya data zake ndani ya faili, hata shiti ya asili ikifutwa. Bofya mara mbili kwenye jumla kuu, kule chini pembeni: shiti mpya inafunguka yenyewe, na wahojiwa wote wamepanga foleni, jina, namba ya simu, umri, kijiji. Niliwaonyesha wenzangu hivyo kwenye faili ambalo tulikuwa tumekwisha kulituma kwa wadau. Hakuna aliyecheka. Chati nayo ukiinakili kwenda PowerPoint inaweza kuondoka na data zote mgongoni. Nakili matokeo, yabandike kama thamani tupu kwenye faili jipya, basi.

Na kuondoa majina hakutoshi. "Mwanamke, miaka 34, muuguzi, kijiji fulani": kama kijiji kina zahanati moja, umeshamtaja. Tafiti za DHS, zile za afya na idadi ya watu, husogeza makusudi alama za GPS kabla ya kuzitoa: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na eneo 1 kati ya 100 ya vijijini hadi 10. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, kwa hiyo hili si suala la adabu tu.

"Linki tunayo sisi, nani mwingine ataipata?"

Yeyote atakayetumiwa. Dashibodi ya Power BI, programu ya Microsoft ya kutengenezea dashibodi, ikichapishwa wazi kwenye wavuti haiombi nenosiri, na Microsoft wenyewe wanaonya kwamba mtazamaji anaweza kuzifikia hata data za undani zilizo nyuma ya chati. Linki inayozunguka WhatsApp haina mwenyewe.

"Asilimia ni asilimia, kompyuta imeshapiga hesabu."

Imepiga hesabu ya waliohojiwa. Wananchi ni hesabu nyingine. Chukua utafiti unaogawa kaya sawa kwa kila mkoa, tuseme 100. Mikoa ya Tanzania ni 31, mitano kati yake iko Zanzibar, kwa hiyo Zanzibar inatoa kaya 500 kati ya 3,100, yaani asilimia 16. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wa Zanzibar walikuwa 1,889,773: asilimia 3 tu. Usipotumia uzito wa sampuli, yaani namba inayolipa kila jibu nguvu kulingana na idadi ya watu linaowawakilisha, kila jibu la Unguja na Pemba linasikika zaidi ya mara tano ya inavyostahili. Kuwachukua wengi Zanzibar hakukuwa kosa, bila hivyo usingeweza kusema lolote la maana kuhusu Kaskazini Pemba peke yake. Kosa ni kuwachanganya bila uzito. Ripoti za moja kwa moja za KoboToolbox huhesabu majibu tu, uzito haziujui. Hapa ndipo dashibodi nyingi nzuri kwa macho zinapokosea, na ndipo pasipoulizwa swali mkutanoni.

"Weka vichujio vyote, kila mtu achague anachotaka."

Mkoa, jinsia, umri, elimu, na mara unasoma maoni ya watu saba. Kwa sampuli ya kubahatisha ya watu 1,000, jibu linaweza kuyumba pointi 3 hivi kila upande. Wakiwa 100 ni pointi 10, na wakiwa 25 ni karibu 20. Ripoti za DHS huficha kabisa takwimu iliyotoka kwa watu chini ya 25, na ya 25 hadi 49 huiweka kwenye mabano. Dashibodi yako nayo iruhusiwe kunyamaza.

"Jumla ya asilimia imepita 100, kuna kosa."

Si lazima. Kaya inayochota kisimani na kukinga mvua imetaja vyanzo viwili vya maji, na inahesabiwa kwenye vyote viwili. Chora chati ya pau, achana na ya duara.

"Iwe hai, wafadhili waone matokeo yakiingia."

Wiki ya kwanza timu ziko karibu na lami. Za mbali, za boti na za matope, zinakuja mwisho, na namba hubadilika nazo. Dashibodi hai ibaki kwa msimamizi wa kazi ya uwandani, huko ndiko inakolipa: mahojiano ya dakika 45 yaliyokwisha kwa 9, au kaya kumi na mbili ambazo nukta zake za GPS zimerundikana mahali pamoja, na ukikuza ramani unakuta ni nyumba ya wageni.