"Agama" si "bila vurugu"

Nchini Indonesia dini huitwa agama, na wengi wamefundishwa kwamba ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye vipande viwili: a, yaani "bila", na gama, yaani "vurugu". Ni maelezo matamu, naelewa kwa nini yamedumu. Lakini si sahihi.

Katika Kisanskriti, a ya kukanusha ni fupi. Āgama huanza kwa ā ndefu, yenye maana ya "kuelekea huku", na katika lugha hiyo urefu wa irabu hubadili maana kabisa. Gama nayo imetokana na gam, "kwenda", vurugu haimo. Ukiunganisha unapata "kuja": kile kilichotujia, yaani mapokeo.

Hapo maana nyingine zinaeleweka. Kwa Watamil Wahindu, āgama ni maandiko yanayoongoza ujenzi wa mahekalu na ibada zake. Wabudha wa China walilitamka ahan, wakaita hivyo mikusanyo ya mahubiri ya kale ya Buddha. Kwa Kithai, akhom ni maneno ya uganga. Kimalei na Kiindonesia ndizo lugha zilizolipanua hadi likawa dini yoyote ile, ukiwemo Uislamu.