Uraibu wa Intaneti na Maadili ya Usanifu: Maana Yake

Neno uraibu limezoeleka kutumika kwa tumbaku, pombe na dawa za kulevya, yaani vitu vinavyoingia mwilini. Linapohamishiwa kwenye intaneti hakuna tena kinachomezwa wala kuvutwa, na kinachobaki kuchunguzwa ni tabia yenyewe. Uraibu wa intaneti, basi, ni hali ambayo mtu hushindwa kuyadhibiti matumizi yake ya mtandao, akayatanguliza mbele ya usingizi, kazi na jamaa zake, na akaendelea hivyo hata baada ya kuyaona madhara kwa macho yake. Wingi wa saa peke yake hautoshi. Mhasibu anayeshinda mbele ya kompyuta kutwa nzima si mraibu kwa sababu hiyo tu, ilhali mtu anayeperuzi saa mbili, zote za usiku wa manane, na kila asubuhi akaapa kuacha asiweze, yuko karibu zaidi na maana tunayoizungumzia.

Istilahi hii ilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 daktari wa akili wa Marekani, Ivan Goldberg, aliandika maelezo ya ugonjwa huo akiigiza lugha ya miongozo ya utambuzi wa magonjwa ya akili, naye hakukusudia kuaminiwa. Mwanasaikolojia Kimberly Young alilichukua jambo hilo kwa uzito, na mwaka 1998 akatoa dodoso la maswali 20 la kupima tatizo hilo. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, unautambua ugonjwa wa kucheza michezo ya kidijitali, na kwa kawaida unataka dalili zake ziwe zimeonekana kwa muda usiopungua miezi 12, lakini haukuiweka intaneti nzima katika kundi hilo. Tahadhari hiyo ina mantiki, kwa kuwa mtandao ni njia tu, na anayenaswa hunaswa na kitu mahususi kilichomo ndani yake.

Hapo ndipo usanifu, yaani namna kurasa na programu zinavyoundwa, unapoingia. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha, kwa majaribio ya panya na njiwa, kwamba mnyama anayelipwa bila utaratibu unaotabirika hubonyeza kitufe kwa bidii kubwa, na huchelewa kukata tamaa hata malipo yanapokoma. Mashine za kamari hufuata kanuni hiyohiyo. Sasa tazama kidole kinachovuta skrini ya simu kutoka juu kwenda chini ili ukurasa ujipakie upya: kialama kinazunguka, sekunde moja inapita, kisha pengine unatokea ujumbe wa rafiki, pengine tangazo, pengine hakuna kipya. Laiti kila mvuto ungeleta ujumbe, mtu angevuta mara moja na kuridhika, na laiti usingeleta chochote kamwe, angeacha. Kinachomrudisha ni ile pengine.

Mfano wa pili ni kurasa zisizo na mwisho. Zamani msomaji alifika chini ya ukurasa na kulazimika kubofya ili kuendelea, na kituo hicho kidogo kilimpa nafasi ya kujiuliza kama bado anataka kusoma. Mwaka 2006 msanifu Aza Raskin alibuni mbinu ya kuleta maudhui mapya kabla msomaji hajafika chini, kwa nia ya kumwondolea usumbufu, na baadaye alikiri hadharani kwamba anajuta. Simlaumu sana kwa nia yake. Kisa chake chafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha kuwa madhara hayahitaji msanifu mwovu: yatosha kipimo cha mafanikio kiwe muda ambao mtu amebaki kwenye skrini, kisha kila badiliko dogo lichujwe kwa kipimo hicho.

Kipimo hicho nacho kina chanzo chake. Huduma nyingi hutolewa bure kwa mtumiaji na hulipiwa na watangazaji, hivyo bidhaa inayouzwa ni usikivu wa mtumiaji, yaani umakini wake. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon alieleza kwamba habari zikizidi, usikivu ndio unaopungua. Maadili ya usanifu ni tawi la fikra linalouliza ni kwa masharti gani mtu anaweza kuuvuta usikivu wa mwenzake bila kumdhulumu. Jaribio moja ninaloliona kuwa la haki ni hili: je, msanifu anaweza kumweleza mtumiaji, kwa maneno ya wazi, kwa nini kitufe kimewekwa pale kilipo, na mbinu ile ikaendelea kufanya kazi? Kengele ya kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa inafaulu jaribio hilo. Arifa iliyocheleweshwa makusudi ili ifike wakati mtu amechoka na ni mwepesi kurudi, haifaulu.

Sheria imeanza kuligusa suala hili. Mwaka 2010 mbuni Harry Brignull alibuni jina la miundo ya hila, yaani ile inayomfanya mtumiaji atende asichokusudia, na Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inakataza majukwaa ya mtandaoni kuwa na miundo inayowahadaa watumiaji au kuvuruga uwezo wao wa kuamua kwa hiari. Hata hivyo, si lazima mtu asubiri mahakama ili atambue kinachofanyika, maana anaweza kuhesabu miguso. Kikumbusho cha muda wa matumizi kinapojitokeza, mara nyingi mguso mmoja au miwili hutosha kukipuuza. Ahesabu pia miguso inayohitajika ili kuzima arifa zote, au kuifuta akaunti kabisa, kisha alinganishe hesabu hizo mbili.