Ugonjwa wa utumbo, mawazo na umbali wa choo

Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda si amiba, si taifodi, wala si vidonda vya tumbo, ingawa wengi hufika kliniki wameshameza metronidazo, dawa ya amiba, mara nne au tano bila nafuu. Ni uvimbe wa kudumu wa utumbo: hutulia, kisha huamka, na kuhara kwake huweza kuja na damu, hasa kwenye kolaitisi ya vidonda. Kuna jambo ambalo cheti cha dawa hakilisemi. Katika tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali, karibu mgonjwa 1 kati ya 3 ana dalili za hofu na 1 kati ya 4 ana dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ugonjwa ukiwa umeamka, wenye hofu huzidi nusu.

Tafiti hizo nyingi ni za Ulaya na Amerika. Ukitaka kulinganisha hofu na sonona za wagonjwa wa Moshi mjini na wa wilaya za Longido au Same, angalia kwanza nani ameulizwa, na ameulizwaje. Mahali ambapo hakuna anayeuliza, sonona haionekani kwenye daftari. Muulize mzee wa Kirua kama ana huzuni, atakwambia hapana, anamshukuru Mungu. Muulize kama ana mawazo mengi, kama moyo unamwenda mbio usiku, kama bado anatoka kwenda vikao vya ukoo, na hapo mazungumzo yataanza. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na alama 10 au zaidi zinahitaji uchunguzi zaidi. Kwa mgonjwa wa utumbo lisomwe kwa makini, kwa sababu uchovu, kukosa usingizi na kutotamani chakula vinaweza kuletwa na ugonjwa wenyewe. Pima wingi wa damu, madini ya chuma na vitamini B12 kabla ya kusema uchovu wote ni wa akili. B12 hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, na Crohn ikishika hapo inaweza kupungua mwilini.

Tofauti kubwa ya eneo na eneo, kwa maoni yetu, haitokani na watu wa huku kuwa na moyo mwepesi kuliko wa kule. Inaanzia chooni. Anayeishi Pasua, mtaa wa Moshi mjini, ana choo hatua chache kutoka kitandani, hata kama anakichangia na wapangaji wengine. Kwenye tambarare za Longido choo kinaweza kuwa mbali au kisiwepo, na kichaka cha kujisitiri hakipo. Mwanamke hujibana hadi giza liingie. Akiwa na safari ya mjini, hali kitu tangu jana yake mchana ili asiaibike kwenye Hiace, na safari za namna hiyo zikizidi kilo zinapungua. Majirani wakiona amekonda na anahara, wanaanza kunong'ona kuhusu ukimwi au kurogwa, naye anajifungia ndani.

Dawa nazo huchangia. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, mara nyingi huanza na miligramu 40, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, vyote mara moja asubuhi baada ya uji. Anayevigawa asubuhi na jioni hukesha macho makavu, na dozi kubwa inaweza kuleta hasira, wasiwasi, hata kuchanganyikiwa. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kawaida miligramu 5 kila wiki. Kuiacha ghafla kwa sababu damu imekoma, au kwa sababu kituo cha karibu kimeishiwa, huleta kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo anayeishi mbali apewe vidonge vya kumtosha hadi miadi ijayo, na wiki moja ya ziada.

Sonona ikithibitika, daktari achague dawa akiliangalia na tumbo. Amitriptilini hufunga choo, fluoksetini inaweza kukilegeza wiki za mwanzo. Mgonjwa aambiwe hilo mapema, la sivyo atadhani ugonjwa umeamka na atatupa vidonge.

Swali la 9 la dodoso, la kuwaza kufa au kujidhuru, likipata alama yoyote zaidi ya 0, mgonjwa aonwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Nyumbani, dawa za kupulizia kahawa na za kuogeshea mifugo zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine.

Na miadi ya saa 2 asubuhi kwa mtu wa Loliondo maana yake ni siku nzima ya basi, na kulala mjini bila chakula. Mpangie saa 6 mchana, umwandikie barua fupi ya kumwonyesha kondakta, ili apewe siti ya karibu na mlango na gari lisimame akiomba.