Mashine za TENS: sio kila mtu, na sio kila sehemu ya mwili

Tangu hivi vimashine vya kutuliza maumivu kwa umeme vianze kuuzwa mpaka Instagram na kwa machinga, malalamiko yamekuwa mengi, kwa hiyo kitengo chetu cha fiziotherapia (tiba ya viungo) kimeona tuelezane. Hatusemi msinunue. Ni kifaa kizuri kwa maumivu ya mgongo, magoti na kadhalika, sisi wenyewe tunakitumia kila siku.

Ila TENS haitibu. Haiponyi kisukari, haiondoi kiharusi, na hayo ya nguvu za kiume wanayoandika kwenye matangazo naomba mniache nayo kabisa. Inapeleka mapigo madogo ya umeme kwenye mishipa ya fahamu kupitia ngozi, na ubongo unapokea taarifa chache za maumivu, basi. Msingi wake ni ile nadharia ya wanasayansi Melzack na Wall ya mwaka 1965, kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti la kupitisha maumivu au kuyazuia. Ukizima mashine, chanzo cha maumivu kiko palepale.

Mwenye pesimeka au kifaa chochote cha umeme moyoni asiiguse bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Mjamzito asijiwekee tumboni wala kiunoni, na mwenye kifafa asiweke kichwani wala shingoni. Halafu kwa watu wote: sio mbele ya shingo maana hapo unaweza kushusha presha na mapigo ya moyo ghafla, sio karibu na macho, sio kifuani, sio juu ya kidonda au saratani, sio kwenye mguu wenye damu iliyoganda.

Wanaonisumbua zaidi ni wagonjwa wa kisukari wenye ganzi miguuni. Mtu anabandika pedi, hasikii kitu, anaongeza namba, bado hasikii, anaongeza tena, na kichwani ana ile imani kwamba umeme ukiwa mkali ndo dawa inaingia. Akibandua ngozi ni nyekundu, kesho yake lengelenge, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari mnajua kinakoishia. Kabla hajaanza afumbe macho, mtu amguse kwa pamba na kwa ncha ya kijiti, akishindwa kutofautisha mashine isiwekwe hapo. Na umeme uwe wa kuusikia vizuri bila kuuma, sio mpaka unakunja uso!

Ngozi ioshwe ikauke, isiwe na mafuta wala dawa ya kuchua. Kwa kawaida tunaanza na mapigo ya umeme 80 hadi 100 kwa sekunde, dakika 20 hadi 30. Pedi zisigusane, na ikikauka haishiki vizuri, umeme unakusanyika sehemu moja unaunguza, nunua nyingine. Zima kwanza ndo ubandue. Usilale nayo, usioge nayo, usiendeshe bodaboda nayo, usiitumie ikiwa kwenye chaji.

Sasa utaratibu. Hiki ni kifaa tiba, na vifaa tiba Tanzania vinasimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (ile iliyokuwa TFDA mpaka 2019), chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, kwa hiyo anayeuza kisichosajiliwa anavunja sheria na anaweza kufikishwa mahakamani, hata kama anauzia kwenye simu tu. Dai risiti, na boksi usilitupe, kwa sababu ukipata madhara tutakuuliza jina la mtengenezaji, modeli, namba ya toleo, tarehe uliyonunua, pedi ulibandika wapi na kwa dakika ngapi, na bila hizo taarifa fomu ya kuripoti madhara inabaki nusu. Piga picha ngozi siku hiyohiyo. Mashine yenyewe ilete ilivyo na waya zake, usiipeleke kwanza kwa fundi simu akaifungua, maana hapo hatuwezi tena kujua kosa lilikuwa la kiwanda au la fundi.