Je, wajua kwa nini hospitali za askari wa zamani Marekani hutunuku walimu?

Wizara ya Masuala ya Askari wa Zamani ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa herufi zake mbili, VA, ina tuzo iitwayo David M. Worthen. Haitolewi kwa ushujaa vitani wala kwa upasuaji mgumu uliofanikiwa. Hupewa mtu aliyetoa mchango mkubwa katika kuwafundisha wahudumu wa afya, mchango unaoonekana nchi nzima na si katika wodi yake tu. Worthen mwenyewe alikuwa daktari wa macho aliyesimamia masuala ya mafunzo ndani ya VA. Sasa, hospitali za askari wa zamani zina shughuli gani na walimu?

Jibu linalowajia wengi ni kwamba hizo ni hospitali za jeshi, na jeshi huwasomesha madaktari wake. Jibu hilo lina makosa mawili, na yote yanastahili kunyooshwa.

Kwanza, VA si jeshi. Anayeijua Lugalo ya Dar es Salaam, hospitali ya JWTZ, asiifananishe nayo. Marekani nayo ina hospitali za namna hiyo, Walter Reed ikiwa ndiyo maarufu zaidi, na ziko chini ya jeshi lenyewe. Ina hata chuo cha udaktari cha kijeshi huko Bethesda, kilichoundwa kwa sheria ya 1972. VA ni wizara nyingine kabisa, ya kiraia. Daktari wake hapigi saluti, na huenda hajawahi kushika bunduki maishani. Aliyewahi kuvaa magwanda ni mgonjwa, pengine kwa miaka mitatu tu, zaidi ya nusu karne iliyopita, kabla hajawa dereva wa lori au mwalimu wa hesabu.

Kosa la pili ndilo zito: wengi wanaofundishwa humo si watu wa VA. Kila mwaka zaidi ya wanafunzi 100,000 wa fani zaidi ya 40 hupitia hospitali na kliniki zake, wakitokea vyuo vya kawaida. Hufanya mazoezi, kisha wengi wao huenda zao. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 70 ya madaktari wa Marekani walipata sehemu ya mafunzo yao VA. Hayo ni makadirio, na "sehemu" hapo inaweza kuwa zamu za mwezi mmoja au kazi ya miaka. Hata ukiyapunguza, bado yanashangaza: daktari anayemtibu mtoto mwenye pumu huko Ohio huenda alijifunzia kusikiliza kifua kwenye kifua cha mzee aliyepigana Korea.

Chanzo chake ni balaa la 1945. Wamarekani wapatao milioni 16 walikuwa wametumika katika Vita vya Pili vya Dunia, na VA haikuwa na madaktari wa kutosha. Hospitali zake nyingi zilikuwa mbali na miji, na ajira zilipitia taratibu za utumishi wa umma zilizowakimbiza madaktari wazuri. Jenerali Omar Bradley, aliyekabidhiwa VA mwaka huo, alimchukua daktari aliyekuwa naye katika vita vya Ulaya, Paul Hawley, na daktari wa mifupa wa Chicago, Paul Magnuson. Januari 1946 mambo mawili yalifanyika: sheria mpya ikawatoa madaktari wa VA kwenye taratibu zile, na waraka wa sera namba 2 ukafungua milango kwa vyuo vya udaktari. Hospitali ya Hines, nje ya Chicago, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kunufaika. Chuo kilibeba jukumu la elimu. VA ikabaki na jukumu la mgonjwa. Anayejua jinsi Hospitali ya Muhimbili na chuo cha udaktari cha MUHAS vinavyoishi pamoja hahitaji kuelezwa zaidi.

Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini mpango huo ulizaa haja ya tuzo. Fikiria gereji yenye fundi mmoja na vijana watatu wa spana. Gari linaingia likivuma gurudumu la mbele. Fundi amelisikia likiwa getini, keshajua ni beringi, na angetaka angeimaliza kabla chai yake haijapoa. Badala yake anamwachia kijana apige jeki, atikise tairi, aseme anachodhani. Kijana akikosea anarudishwa mwanzo. Fundi haondoki, maana tairi likichomoka njiani atakayetafutwa ni yeye. Jioni magari yaliyotoka ni machache, na mwenye gereji anayehesabu magari atamwona fundi huyu mzembe. Kijana naye akishaiva, anafungua gereji yake mtaa wa pili.

Ndivyo ilivyo wodini. Daktari msimamizi lazima aonekane kwenye faili la mgonjwa kwamba alisimamia. Wagonjwa anaowamaliza kwa siku hupungua. Chuoni, kupanda cheo mara nyingi hufuata tafiti na machapisho, na matunda ya kazi yake yanaondoka na kuhesabiwa kwingine. Tuzo, kwa maoni yangu, ni njia ya VA kuandika kwenye daftari lake kitu ambacho daftari halina safu yake.

Kuna pia jambo ambalo hufundishwa hapo kwa mkazo wa pekee. VA imetengeneza kadi ndogo ya kuweka mfukoni kwa ajili ya wanafunzi, yenye maswali ya kumuuliza mgonjwa: ulitumikia wapi, lini, ulifanya kazi gani? Aliyekuwa Korea huulizwa kuhusu miguu iliyoganda kwa baridi. Aliyekuwa Iraq, kuhusu moshi wa mashimo ya kuchomea taka.

Chukua mzee mwenye kisukari cha ukubwani. Kama alitumika Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975, sheria huchukulia kwamba alikutana na Agent Orange, sumu ya kuua majani iliyonyunyizwa na jeshi lake mwenyewe, na kwamba kisukari chake kimetokana nayo. Ushahidi wa kisayansi wa uhusiano huo si mzito: mwaka 2000 jopo la wataalamu liliuweka kwenye daraja la ushahidi finyu. Lakini kwa ajili ya fidia, mzee hatakiwi kuthibitisha kwamba sumu ndiyo iliyomletea ugonjwa. Daktari mchanga asiyeuliza ataandika metformin, dawa ya kisukari, na kumruhusu, na mzee atarudi nyumbani na vidonge tu.

Na kwa kuwa askari wengi wa zamani hutibiwa katika hospitali za kawaida, kadi ile ina kazi zaidi mfukoni mwa mwanafunzi aliyekwishaondoka VA.