Kwa nini mhadhiri huripoti kazi ileile upya kila kanuni zinapobadilika?

Mhadhiri wa Nairobi akichapisha makala moja kwenye jarida la kitaaluma, makala hiyo itaandikwa mara ngapi? Itaandikwa kwenye wasifu wake, kwenye ripoti ya mwaka ya idara, kwenye fomu ya tathmini ya utendaji kazi, kwenye jedwali ambalo chuo huandaa wakaguzi wanapokaribia kufika, na tena siku atakapoomba kupandishwa cheo. Kama utafiti wenyewe ulihitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huko nako wanadai ripoti yao. Halafu kanuni inabadilika, barua inatoka ofisi ya msajili, na kila mmoja anatakiwa kujaza upya, muhula ukiwa katikati na rundo la karatasi za mtihani likingoja kusahihishwa.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakwambia ni urasimu, au mtandao mbovu, au kompyuta zilizochoka. Hayo yapo, sikatai. Lakini chuo kinaweza kununua seva mpya kabisa na bado wahadhiri wakajaza upya mwaka ujao. Chanzo ni uamuzi uliofanywa siku mfumo wa kuripotia kazi ulipobuniwa: ulijengwa kuhifadhi majibu ya kanuni, haukujengwa kuhifadhi kazi iliyofanyika.

Tazama makala iliyoandikwa na watu wanne. Tuseme kanuni ya wakati huo inaipa makala alama 8, na alama hizo zinagawanywa sawasawa kwa waandishi. Mhadhiri wetu anapata 2. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kilichoandikwa "Alama za machapisho", naye anajaza 2. Hifadhidata inaweka 2. Miaka mitano baadaye kanuni mpya inasema mwandishi wa kwanza apewe nusu ya alama zote, waliobaki wagawane nusu nyingine. Sasa mfumo unapaswa kujua kama yeye alikuwa wa kwanza au wa nne, nao haujui. Haujui hata kama ile 2 ilitokana na makala, sura ya kitabu au mada iliyowasilishwa kwenye kongamano. Ni sawa na mwenye duka anayeandika daftarini jumla ya mauzo ya siku bila kuandika alichouza: bei ya unga ikipanda, daftari lake halimsaidii kitu.

Ushahidi upo, ila uko kwenye kabati la mwenyekiti wa idara aliyestaafu, au kwenye barua pepe ya zamani. Ndiyo maana barua ya kujaza upya haikwepeki. Anayeiandika hana nia ya kusumbua mtu. Mfumo alioachiwa umemfunga mikono.

Kenya imekuwa na mabadiliko ya kutosha kuonyesha jambo hili. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilileta Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, mahali pa Tume ya Elimu ya Juu iliyokuwepo tangu 1985. Mwaka 2014 CUE ikatoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, vyenye hesabu ya alama za machapisho, na msimamo kwamba mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Mwaka 2018 ukawekwa kuwa mwisho wa kutimiza sharti hilo, na mjadala ukawaka vyuoni kote. Sheria ya Vyuo Vikuu yenyewe ilirekebishwa 2016. Sheria ya Kulinda Data ikaja 2019. Mwaka 2025 ikapita Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyofuta Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiongoza tamko la mali la kila miaka miwili, na mhadhiri wa chuo cha umma ni afisa wa umma kama wengine.

Nitasimama kidogo kwenye lile sharti la uzamivu, kwa sababu linaonyesha vizuri kisanduku kibaya kinavyoumiza watu. Fomu inayouliza "Je, una shahada ya uzamivu?" na kukupa Ndiyo au Hapana inatosha maadamu swali la serikali ni idadi tu. Swali likigeuka kuwa "nani atakuwa nayo kufikia tarehe fulani?", fomu hiyo haifai tena. Aliyebakiza kutetea tasnifu yake na ambaye hajajiandikisha popote wote wameandika Hapana. Aliyesoma nje na anangoja shahada yake itambuliwe rasmi nchini, sijui aandike nini. Mtu anaweza kuonekana hafai kwa kazi yake kwa sababu tu aliyebuni fomu alitoa nafasi ya jibu la neno moja.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Indonesia, sheria ya 2005 kuhusu walimu na wahadhiri inataka mzigo wa mhadhiri uwe kati ya vipimo 12 na 16 vya masomo, kipimo wanachokiita SKS, ukijumlisha kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Wahadhiri huko huripoti kazi hizo kwenye mfumo wa kitaifa unaoitwa SISTER. Kwa miaka mingi kupanda cheo kulitegemea kujumlisha alama za kila kazi moja moja. Kisha kanuni ya wizara inayosimamia utumishi wa umma, namba 1 ya 2023, ikageuza hesabu: sasa alama zinatokana na daraja la tathmini ya mwaka. Aliye ngazi ya kwanza ana msingi wa alama 12.5 kwa mwaka, aliye ngazi ya juu kabisa 50. Ukitathminiwa "vizuri" unapata asilimia 100 ya msingi huo, "vizuri sana" asilimia 150. Alama za zamani zilipaswa kwanza kuhesabiwa na kufungwa hadi mwisho wa 2022. Wahadhiri wakajikuta wanakimbizana kukusanya ushahidi wa kazi za miaka ya nyuma, na malalamiko yakawa mengi.

Uingereza nako, zoezi la kupima ubora wa utafiti lilitaka, mwaka 2014, kazi nne kwa kila mtafiti aliyewasilishwa. La 2021 likabadilisha: idara nzima ilete wastani wa kazi 2.5 kwa kila mtu, kila mmoja akiwa na angalau moja na asizidi tano. Ukiisoma haraka utaona namba tu zimebadilika. Kwa anayejenga mfumo, kilichobadilika ni mwenye kazi: mwanzo ilihesabiwa kwa mtu, sasa inahesabiwa kwa idara. Mfumo uliotenga visanduku vinne kwa kila jina hauwezi kurekebishwa kwa kubadilisha nne kuwa mbili na nusu.

Nairobi ina ugumu wake tena, nao ni wahadhiri wa muda. Mtu mmoja anaweza kufundisha asubuhi karibu na University Way, mchana akapanda matatu ya Thika Road kuelekea Juja, jioni akawa na darasa kwenye bewa lililo juu ya maduka katikati ya jiji. Kila chuo kina haki ya kumtaja katika ripoti yake. Lakini kila chuo kikimhesabu kama mhadhiri kamili, uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi utapendeza kwenye karatasi huku darasani mambo yakiwa tofauti kabisa. Dawa yake si kumkataza mtu kutafuta riziki. Mfumo unahitaji kuwa na namba moja inayomtambulisha mtu huyo popote alipo, na uandike amefundisha saa ngapi, wapi, muhula gani. Hapo uwiano unahesabiwa kwa saa, majina hayajirudii. Isitoshe, rekodi hiyohiyo ya saa ndiyo inayothibitisha fomu yake ya malipo, na hao ndio watu wanaoweza kukaa miezi bila kulipwa wakiambiwa stakabadhi hazijakamilika. Kwao swali la mfumo ni swali la kodi ya nyumba.

Basi mfumo ubuniwe vipi? Msingi wake ni kutenganisha tukio na kanuni. Tukio ni jambo lililotokea: fulani alifundisha somo hili, darasa la watu hawa, muhula huu, fulani alisimamia mwanafunzi wa uzamili hadi akahitimu tarehe hii, makala ilichapishwa, waandishi ni hawa, kwa mpangilio huu. Tukio likishathibitishwa halibadiliki, hata mawaziri wakibadilika. Kanuni inakaa kwenye jedwali lake peke yake, ikiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Alama hazihifadhiwi kama ukweli wa kudumu. Zinakokotolewa kila zinapohitajika, kwa kuchukua matukio na kuyapitisha kwenye kanuni inayohusika. Kanuni ikibadilika, anayefanya kazi ni mtu mmoja anayeongeza safu kwenye jedwali la kanuni, na maelfu ya wahadhiri wanaendelea kufundisha.

Tarehe hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Mhadhiri aliyewasilisha ombi la kupandishwa cheo mwezi Machi, kanuni mpya ikaanza Julai, kamati ikaketi Septemba, apimwe kwa kanuni ipi? Wanaotunga kanuni ndio wanaopaswa kujibu, na mfumo uwe na nafasi ya kuweka jibu lao. Mfumo unaojua kanuni ya leo peke yake utampima kwa kanuni ya leo bila kumuuliza mtu. Hapa sheria ina neno: kifungu cha 47 cha Katiba, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza, vinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Chuo kilichofuta kanuni ya zamani kwenye mfumo wake hakiwezi kueleza kilifikaje kwenye namba iliyomnyima mtu cheo.

Linalofuata ni nani aingize taarifa. Mpaka sasa jibu limekuwa mhadhiri, kwa kila kitu. Lakini ratiba ya masomo iko kwa msajili, aliyehitimu yuko kwenye rekodi za uzamili, na makala nyingi zina namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, ambayo ukiiandika tu, kichwa cha makala, jarida na waandishi vinajileta vyenyewe. ORCID, huduma ya kimataifa ya kutambulisha watafiti iliyoanza 2012, inampa mtafiti namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata akihama chuo au akibadilisha jina baada ya ndoa. Taarifa zitoke kule zinakozaliwa. Mhadhiri abaki na kazi ya kuthibitisha, kusahihisha na kuongeza yale ambayo hakuna ofisi inayoyajua, kama mafunzo aliyotoa kwa wakulima wa Kiambu.

Ila wepesi huu una hatari, nami sipendi upitishwe kimyakimya. Mfumo unaojua kila saa ya kila mhadhiri unaweza kugeuka kuwa jicho la kumfuata. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisizidi kiasi kinachohitajika. Kwa hiyo CUE inapohitaji idadi na sifa za wahadhiri wa kitivo, ipewe hizo. Haina haja ya kuona likizo ya ugonjwa ya mtu. Na Bodi ya Wahandisi au Baraza la Elimu ya Sheria zikihitaji orodha ya wanaofundisha fani zao, ziichote kwenye hazina hiyohiyo, kila moja ikiona sehemu yake.

Chuo kinachotaka kununua mfumo mpya kinaweza kumjaribu muuzaji kabla ya kutia saini. Kichukue jalada la mhadhiri mmoja aliyeajiriwa kabla ya 2014, kwa ridhaa yake, kikaingize kazi zake zote mara moja. Kisha kimwombe muuzaji atoe alama za mhadhiri huyo kwa vigezo vya 2014, halafu kwa vigezo vya kubuni vilivyoandikwa asubuhi hiyohiyo, mbele ya mwenyekiti wa idara na mwakilishi wa chama cha wahadhiri. Muuzaji akiomba jalada liletwe tena ili lijazwe upya, mkataba usitiwe saini.